Anna Karenina

Anna Karenina (kwa Kirusi: Анна Каренина) ni riwaya ya Leo Tolstoy (1828-1910), mwandishi wa Urusi. Ilitolewa kwa sehemu katika jarida la Russkiy Vestnik kuanzia mwaka 1875 hadi 1877. Mhariri Mikhail Katkov alikataa sehemu ya nane kwa sababu ya msimamo wake kuhusu Warusi waliojitolea kupigana vita huko Serbia, hivyo Tolstoy akaichapisha mwenyewe. Kitabu kizima kilitoka mwaka 1878.

Muhtasari

Anna ni mke wa Karenin, ofisa mkubwa wa serikali mjini Saint Petersburg. Anampenda Vronsky, ofisa kijana wa jeshi, anamwacha mume na mwanawe Seryozha, anatengwa na jamii, na mwishowe anajiua kwa kujitupa chini ya treni. Sambamba na hayo, Levin, mwenye mashamba, anamwoa Kitty na kutafuta maana ya maisha.

Maadili

Riwaya inatanguliwa na maneno yanayopatikana katika Waraka kwa Warumi 12:19, kwamba kisasi ni cha Mungu. Baadhi ya wasomaji huona kwamba Anna anaadhibiwa kwa uzinzi. Wengine, kwamba maneno hayo yanawakataza wanadamu kumhukumu. Hadithi yenyewe inaunga mkono zaidi maoni ya pili. Inaanza na uzinzi wa Stiva, kaka yake Anna, ambaye hapotezi cheo, marafiki wala watoto. Anna, aliyekwenda Moscow kumpatanisha na mkewe, anapoteza vyote.

Hata hivyo Tolstoy hamsafishi Anna: anaonyesha wivu wake na jinsi anavyoshindwa kumpenda binti aliyezaa na Vronsky. Karenin naye, mtu mkavu wa sheria na taratibu, anawasamehe wote wawili Anna anapokaribia kufa baada ya kujifungua.

Sifa za kifasihi

Mawazo ya Anna katika siku yake ya mwisho yanaandikwa yanavyomjia, bila mpangilio, mbinu iliyoenea katika riwaya za karne ya 20. Mijadala ya Levin kuhusu kilimo huwachosha wasomaji wengi. Anna na Levin wanakutana mara moja tu; wahakiki walipolalamika kwamba kitabu hakina umoja, Tolstoy alijibu katika barua ya 1878 kwamba kiungo kipo, ila kimefichwa.

Fyodor Dostoyevsky aliisifu sana mwaka 1877, ingawa alipinga msimamo wake kuhusu vita.