Mdundo wa Alfa na Ubongo Uliokaa Chonjo

Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili Hans Berger alifanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kupitia kichwani. Alikaa nao miaka mitano kabla ya kuutangaza. Makala yake ya kwanza ilitoka 1929. Alieleza jinsi mstari unavyopanda na kushuka kwa mpangilio, kama mara kumi kwa sekunde, mtu akiwa ametulia na kufumba macho. Akifumbua, mpangilio ule hutoweka. Berger aliupa jina la herufi ya kwanza ya Kigiriki, na mpaka leo twauita alfa.

Istilahi iliyozoeleka kwetu ni mawimbi ya ubongo. Mimi napenda kutenga maneno mawili. Wimbi ni umbo linalochorwa, kile kinachopanda na kushuka. Mdundo ni kujirudia kwa umbo hilo kwa kasi fulani, nao ndio unaohesabiwa kwa hezi, yaani mizunguko kwa sekunde. Umeme wenyewe ni hafifu mno, makumi ya mikrovolti tu, na elektrodi iliyobandikwa kichwani haiwezi kusikia chembe moja ya neva. Husikia kundi kubwa linapofanya kazi kwa pamoja. Ni kama wavuvi wanaokokota juya: wakivuta kwa mkupuo mmoja, kamba yote hucheza; kila mmoja akivuta kwa wakati wake, aliye mbali haoni ila mtikisiko mdogo wa harakaharaka.

Alfa basi ni mdundo wa hezi 8 hadi 13, na husikika zaidi kisogoni. Chini yake kuna theta, 4 hadi 8, na delta ya usingizi mzito. Juu yake kuna beta, 13 hadi 30 hivi, kisha gama.

Kutoweka kwa alfa mtu anapofumbua macho ndiko kulikowapa watafiti wazo kuhusu wasiwasi. Alfa hufifia pia mtu akiwa amefumba macho lakini anasikiliza kwa makini au anatazamia jambo. Mgonjwa wa wasiwasi ni mtu ambaye ubongo wake umekaa chonjo bila adui kuonekana, usiku na mchana. Hali hiyo napendekeza iitwe uchonjo uliokithiri. Ingetarajiwa basi kwamba alfa yake itakuwa haba na beta yake nyingi, na zipo tafiti zilizokuta hivyo. Zipo na nyingine ambazo hazikukuta.

Hapa neno letu wasiwasi linahitaji kuangaliwa. Limetoka Kiarabu, likiwa na maana ya mnong'ono unaotia shaka moyoni, na kwa Kiswahili limekuwa pana sana. "Nina wasiwasi kama basi litafika" ni shaka tu. Mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani ana wasiwasi, naye si mgonjwa. Kwa hiyo katika maandishi ya tiba naona tuseme ugonjwa wa wasiwasi, na kwa wingi magonjwa ya wasiwasi, kwa sababu yako zaidi ya mmoja. Kuna ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, ambao mwongozo wa wataalamu wa Marekani unautambua iwapo mtu amesumbuka siku nyingi kuliko siku za nafuu kwa muda usiopungua miezi sita. Kuna hofu ya ghafla inayomshika mtu kwa dakika chache, moyo ukimwenda mbio, akadhani anakufa. Kuna hofu ya kukaa mbele za watu. Sioni sababu ya kutegemea kwamba yote haya yatakuwa na mdundo mmoja.

Wapo wanaouza mashine za kuongeza alfa kwa ahadi kwamba beta ndiyo wasiwasi na alfa ndiyo utulivu. Dawa ya diazepamu inatosha kulivunja dai hilo. Humtuliza mtu mwenye wasiwasi, na wakati huohuo huongeza beta katika mawimbi ya ubongo wake. Mwaka 1981 watafiti Plotkin na Rice nao walichapisha jaribio lao: baadhi ya watu wenye wasiwasi walifundishwa kuongeza alfa, wengine kuipunguza. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na aliyeamini kwamba amefaulu zoezi ndiye aliyepungukiwa zaidi na wasiwasi. Nafuu ilikuwa ya kweli. Haikutokana na alfa.

Dalili ya wasiwasi iliyo imara zaidi kwangu ni theta ya ndani, katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Watafiti Jeffrey Gray na Neil McNaughton walionyesha kwa panya kwamba dawa za kutuliza wasiwasi hupunguza kasi ya mdundo huo, hata buspironi ambayo kikemia haina undugu na diazepamu. Lakini hipokampasi imejificha chini kabisa, na elektrodi za juu ya kichwa hazifiki huko kwa urahisi.

Ndiyo maana daktari hapimi ugonjwa wa wasiwasi kwa mashine ya kuchora mawimbi ya ubongo. Huuliza kuhusu usingizi, mawazo yasiyokatika, misuli iliyokaza, kazi zilizoachwa. Karatasi ikisomeka kwamba mdundo wa alfa ni wa kawaida, mgonjwa asiambiwe kwamba anajisingizia. Kipimo hicho kina kazi yake ya lazima pahali pengine: kuna kifafa kinachoanzia upande wa panja, ambacho humjia mtu kama hofu kali ya ghafla na kupita, bila kuanguka wala kutoa povu. Mtu wa namna hiyo anaweza kutibiwa miaka kwa wasiwasi asio nao, na kwake yeye mawimbi ya ubongo yafaa kuchorwa mapema.