Siku nilipozima seva: historia fupi ya kubadilisha programu

Bandugu, acha niwaambie. Nikiwa mwanafunzi nilibadilisha mstari mmoja tu katika programu yetu ya kujiandikisha, kisha nikaizima seva na kuiwasha. Dakika mbili hivi. Kumbe kwenye seva ile tulikuwa wengi, na kuna dada mwenye alikuwa anajaza fomu siku ya mwisho, kwa mega za kukopa. Fomu ikapotea. Alinikasirikia, na alikuwa na haki.

Toka siku ile nikaanza kuchimba. Mwanzoni shida hii haikuwepo. CGI ilipotoka mwaka 1993, programu ilianzishwa upya kila mtu anapofungua ukurasa. Unaweka faili jipya, basi, imekwisha. Ila ilikuwa nzito mno. Ndiyo watu wakaiacha programu ikae kwenye kumbukumbu ya mashine muda wote. Mwendo ukaongezeka, lakini sasa ya zamani haitoki mpaka uifukuze.

Sisi wa Bukama tunaelewa haraka walivyotoka hapo. Reli ilifika kwetu 1918, na hapa watu walishuka kwenye treni wakapanda bato za Lualaba kuelekea Kongolo. Bato ikishaondoka na abiria, huiiti irudi eti kwa sababu mpya imefika. Mpya inapakia wanaokuja, ya zamani inamaliza safari yake. Nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotoka 2004, inafanya hivyo hivyo: ukiipa ishara ya HUP, wafanyakazi wapya wanapokea maombi mapya, wa zamani wanamaliza yale waliyoshika. Kwa wale wa Python, mod_wsgi katika hali ya daemoni inatosha uguse faili la WSGI: programu yako peke yake inajipakia upya, majirani hawasikii kitu. Lakini maombi yaliyo njiani kwa kawaida yanapewa sekunde 5 tu!

Karibu na sisi, OpenMRS ilianza kazi Eldoret, Kenya, Februari 2006, ikitunza habari za wagonjwa. Pale kipande kipya kinaongezwa bila kujenga mfumo mzima upya.

Kigumu kinachobaki ni hifadhidata. Kwa muda mfupi programu mpya na ya zamani zinakula sahani moja. Ukifuta safu ambayo ya zamani bado inaisoma, umerudi kwenye fomu ya yule dada. Mimi siku hizi naongeza safu mpya kwanza, ya zamani naifuta wiki inayofuata.