Nani aliyeimaliza barafu ya Kibo?

Barafu ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Mlima Kilimanjaro, ilichorwa kwenye ramani ya kuaminika kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Wakati huo ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 1953 zilibaki kama 6.7, mwaka 1976 zikawa 4.2, na kufikia 2011 hazikufika hata 2. Kuhusu hesabu hizo wataalamu hawatofautiani sana. Ugomvi uko kwenye sababu, nao umewahusisha wanasayansi wa Marekani na Austria, jaji wa London, mtunzi wa riwaya na wanavijiji wa Kilimanjaro wenyewe.

Barafu hiyo ilianza kubishaniwa hata kabla haijaanza kutajwa kuwa inapungua. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848, na habari zake zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizikataa katakata: theluji karibu na ikweta aliona haiwezekani. Alishikilia hivyo kwa miaka mingi, mpaka safari za Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 zilipomaliza ubishi huo. Kisha Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, alirudi mwaka 1898 na kukuta barafu imerudi nyuma. Taarifa hiyo ya Meyer haikushtua watu enzi zake, lakini miaka 100 baadaye iligeuka kuwa hoja nzito.

Ubishi wa sasa ulianza na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 2000 yeye na timu yake walitoboa barafu ya Kibo katika sehemu sita, wakatoa nguzo nyembamba za barafu, na kuzisafirisha zikiwa zimegandishwa hadi maabara ya Ohio. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwezi Oktoba 2002. Kwa makadirio yake, barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka ipatayo 11,700, na kama upungufu ungeendelea kwa kasi ile ile, yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Magazeti yalidaka tarehe hizo kuliko kitu kingine chochote. Mlima uliokuwa nembo ya Tanzania sasa ukawa nembo ya ongezeko la joto duniani.

Mwaka 2004 likaja jibu. Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, pamoja na Douglas Hardy, Thomas Mölg, Raymond Bradley na Tharsis Hyera wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, waliandika kwamba barafu ya Kibo haipotei kwa namna ambayo wengi wanaidhania. Hardy alikuwa ameweka kituo cha kupima hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini tangu 2000, na vipimo vyake vilionyesha wastani wa joto la kileleni uko karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo hewa peke yake haiyeyushi barafu kirahisi.

Anayefika kileleni anaweza kuliona hilo kwa macho. Barafu ya Kibo haimaliziki kwa mteremko laini. Inakatika kwa kuta zilizosimama wima, nyingine zikifika mita 20 na zaidi. Barafu inayoyeyushwa na hewa yenye joto huwa inalainika na kuviringika kingo zake. Hizi kuta zimebaki kali kwa sababu zinachongwa na jua: miali inazipiga, na sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Njia hiyo inakula nishati nyingi, kama mara nane ya ile ya kuyeyusha, lakini jua la kitropiki halina uchoyo. Juu ya tambarare ya barafu mambo hutegemea theluji mpya. Vuli ikinyesha vizuri, uso unakuwa mweupe na kurudisha mwanga angani. Vuli ikikosekana, unabaki uso wa kijivu wenye vumbi, nao unanyonya jua.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa kundi la Kaser, chanzo kikuu ni ukame. Maziwa ya Afrika Mashariki, Ziwa Victoria likiwamo, yalishuka sana baada ya miaka ya 1880, dalili kwamba mvua ilipungua. Barafu ilianza kurudi nyuma kipindi hicho hicho, kama Meyer alivyoshuhudia, wakati gesi za viwanda zilikuwa bado chache hewani. Mwaka 2007 Kaser na Philip Mote waliyarudia hayo katika jarida la American Scientist, wakasema Kibo ni mfano mbaya wa ongezeko la joto. Katika makala hiyo hiyo waliandika kwamba sehemu nyingi za dunia barafu za milimani zinayeyuka kwa sababu ya joto hilo. Nusu hiyo ya pili wengi waliiruka.

Walioiruka walikuwa na sababu zao. Waliokana kwamba binadamu anabadili tabianchi walipata mlima mzima wa kuutolea mfano. Michael Crichton alikwishaingiza suala la Kilimanjaro katika riwaya yake State of Fear ya 2004, humo mhusika mmoja akieleza kwamba lawama ni ya ukataji wa misitu. Upande wa pili nao haukuwa makini zaidi. Filamu ya Al Gore, An Inconvenient Truth, ya 2006, ilionyesha picha za Kibo ya zamani na ya sasa, na kutabiri kwamba theluji ingetoweka ndani ya mwongo mmoja. Dereva wa lori wa Kent, Uingereza, aliyekuwa pia mjumbe wa bodi ya shule, alifungua kesi kupinga filamu hiyo kuonyeshwa shuleni. Oktoba 2007 Jaji Michael Burton wa Mahakama Kuu aliruhusu ionyeshwe, akasema hoja kuu ya filamu ni sahihi kwa jumla, lakini akaorodhesha mambo tisa yanayohitaji maelezo kwa walimu. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo: haikuwa imethibitishwa kwamba theluji yake inatoweka hasa kwa sababu ya binadamu. Siku mbili baadaye Gore alitangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani, na magazeti yakawa na vichwa vya habari viwili vya kugombanisha.

Thompson hakukubali kushindwa. Mwaka 2009 alirudi na vipimo vipya: asilimia 26 ya barafu iliyokuwepo mwaka 2000 ilikuwa imekwenda kufikia 2007. Tena katika sentimita 65 za juu za nguzo mojawapo aliona mapovu ya hewa yaliyorefuka, alama ya barafu iliyoyeyuka ikaganda tena. Chini zaidi, hata katika tabaka la vumbi la ukame mkubwa wa miaka 4,200 iliyopita, hakuona alama ya namna hiyo. Ukame wa kale, alihoji, haukuimaliza barafu. Kwa nini wa sasa? Mwaka uliofuata Kaser na wenzake walijibu kwamba huenda barafu hiyo haikuwapo mfululizo kwa miaka yote hiyo, bali ilikuja na kuondoka. Swali la umri lingali wazi mpaka leo.

Hata hivyo pande hizi mbili haziko mbali kama zilivyochorwa. Ukame wenyewe una chanzo, na kazi za Mölg zimeuhusisha na Bahari ya Hindi: mabadiliko ya joto la bahari hubadili kiasi cha unyevu kinachoingia Afrika Mashariki. Kwa hiyo hata mwenye kulaumu ukame hajaiacha tabianchi ya dunia. Swali lililowatenganisha wataalamu lilikuwa joto la hewa linachangia kiasi gani papo hapo kileleni. Swali lililopelekwa mitaani lilikuwa kama dunia inapata joto au la, na hilo Kibo haikuwahi kuulizwa.

Kilimanjaro kwenyewe jibu lililozoeleka ni la tatu: miti imekatwa, ndiyo maana theluji imekwisha. Hoja hiyo ina mizizi katika uzoefu. Misitu ya mteremko wa chini imeliwa na mashamba na mbao, na Andreas Hemp ameonyesha jinsi moto, mara nyingine ukianzishwa na warina asali, ulivyoshusha mpaka wa juu wa msitu. Lakini mwaka 2012 Mölg, Hemp na wenzao walipiga hesabu kwa modeli ya kompyuta wakaona upungufu wa misitu unachangia kidogo tu katika kuisha kwa barafu. Kwa maji ya wananchi hali ni kinyume. Barafu ya Kibo inachangia kiasi kidogo mno katika mito inayoelekea Moshi na bonde la Pangani. Maji hayo hutoka kwenye ukanda wa msitu, unaopokea mvua nyingi na kukinga ukungu. Nao moto haujakoma: ule mkubwa wa Oktoba 2020 na wa Oktoba 2022 uliunguza maeneo yaliyo juu ya ukanda huo.