Kipimo cha vidole kilichotoka Kampala

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliporipotiwa Marekani Juni 1981, macho ya madaktari yalikuwa kwenye nimonia na saratani ya ngozi. Aliyeanza kusahau, kuzungumza polepole na kujitenga na watu alionekana amevunjika moyo tu. Nani asingevunjika moyo?

Mwaka 1986, madaktari Bradford Navia, Barry Jordan na Richard Price wa New York walionyesha kuwa virusi vyenyewe huudhuru ubongo: akili hupungua kasi, miguu hulegea, tabia hubadilika. Virusi huingia ubongoni mapema na kujificha ndani ya seli za kinga zilizomo humo. Seli za neva havizishambulii moja kwa moja. Zinaumizwa na sumu na uvimbe unaotokana na seli hizo za kinga.

Ila kuitambua hali hiyo kulihitaji vipimo, na kile kilichotengenezwa Marekani mwaka 1995 kilimtaka mgonjwa aandike alfabeti haraka na kunakili mchoro wa mchemraba. Mkulima ambaye hakukanyaga darasani angeonekana mgonjwa hata akiwa na akili timamu.

Ndipo mtafiti Ned Sacktor na wenzake, wakiwemo madaktari wa Uganda, walipotoa kipimo kipya mwaka 2005, baada ya kukijaribu Baltimore na Kampala. Mgonjwa anatajiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha anagonganisha kidole gumba na cha shahada upesi kwa sekunde 5. Halafu mkono unakunjwa ngumi juu ya meza, unalazwa kiganja chini, unasimamishwa kwa ubavu, tena na tena. Mwishoni anaulizwa yale maneno. Alama zote ni 12. Anayepata 10 au pungufu achunguzwe zaidi. Hakuna kalamu wala karatasi, na kinaisha kwa dakika chache. Kwangu mimi, hii ni kazi kubwa kuliko mashine nyingi za bei ghali.

Mwaka 2006 matokeo ya Kampala yalionyesha kuwa wagonjwa walioanza dawa za ARV walipata nafuu ya akili ndani ya miezi michache. Leo dawa zimepunguza sana hali mbaya kabisa, lakini usahaulifu wa wastani bado upo, na anayesahau ndiye anayeruka dozi na kukosa tarehe ya kliniki.

Wahudumu wa kliniki, kabla ya kumkaripia mgonjwa wa namna hiyo, mpimeni.