Ulinganishaji katika ufundishaji wa hisabati na sayansi

Ulinganishaji ni stadi ya kutazama vitu, namba au matukio mawili au zaidi kwa pamoja na kueleza yanafanana wapi na yanatofautiana wapi kwa kigezo kilichotajwa. Kigezo ndicho kiini chake. Mwanafunzi anayesema kipande cha godoro ni "kikubwa kuliko" jiwe hajamaliza sentensi yake mpaka aseme ni kwa ujazo au kwa uzito, kwa sababu majibu hayo mawili yanaweza kupingana.

Katika madarasa ya awali kazi huanza kabla ya kuhesabu. Watoto hupanga vifuniko vya soda vya rangi mbili, kimoja mbele ya kimoja. Rangi inayobaki na ziada ndiyo yenye vingi. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980) alionyesha kwamba mistari miwili ikiwa na idadi sawa, kisha mmoja ukatawanywa mbele ya macho ya mtoto, watoto wengi wadogo hudai mstari mrefu sasa una vingi zaidi. Hudai hivyohivyo maji yanapomiminwa kutoka chombo kipana kwenda chembamba. Kumsahihisha mtoto papo hapo hakusaidii sana. Afadhali ayarudishe maji mwenyewe kwenye chombo cha kwanza, aone yamefika palepale.

Alama za > na < zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake. Ugumu hauko kwenye alama zenyewe bali kwenye namba zisizo nzima. Wanafunzi wengi huandika kuwa 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa 4 inazidi 3, na kuwa 0.35 inazidi 0.4 kwa kuwa 35 inazidi 4. Kwa sehemu, dawa ni kukunja karatasi mbili za urefu uleule, moja katika sehemu tatu sawa na nyingine katika sehemu nne sawa, kisha kuziweka pamoja. Kwa desimali, hutiwa rangi vyumba 35 katika mraba wa vyumba 100, na 40 katika mraba mwingine.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni tofauti kati ya kulinganisha kwa kutoa na kulinganisha kwa kugawanya. Tuseme mche mmoja umekua kutoka sentimita 2 hadi 6, na mwingine kutoka sentimita 10 hadi 15. Upi umekua zaidi? Wa pili umeongezeka sentimita 5, wa kwanza 4 tu. Lakini wa kwanza umekuwa mara 3 ya ulivyokuwa, na wa pili mara 1.5. Darasa hugawanyika, na ni vizuri ligawanyike, kwa sababu kila upande unaweza kuthibitisha hoja yake kwa namba. Hapo ndipo uwiano na asilimia huanza kuwa na maana kwa mwanafunzi.

Haja ya vipimo sanifu nayo huonekana kwa vitendo. Mwanafunzi na mwalimu hupima dawati moja kwa shibiri, kila mtu kwa mkono wake, na hupata hesabu mbili tofauti. Shibiri, dhiraa na pima ni vipimo vya mwili vilivyotumika pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wazee wa mtaani wanaweza kualikwa kuvionyesha.

Katika sayansi, zoezi maarufu ni la maharage. Mbegu za aina moja hupandwa kwenye makopo mawili yanayofanana, udongo uleule, maji kiasi kilekile. Kopo moja hukaa dirishani, lingine kabatini gizani. Baada ya siku kadhaa mche wa gizani mara nyingi huwa mrefu kuupita wa dirishani. Darasa lililopima urefu peke yake litahitimisha kwamba giza ni zuri kwa mimea. Mwalimu huwataka watazame pia rangi, unene wa shina na ukubwa wa majani: mche wa gizani ni wa manjano, shina lake ni jembamba na majani ni madogo, kwani umetumia akiba ya mbegu kurefuka ukitafuta mwanga. Hakuna zoezi linaloonyesha wazi zaidi hatari ya kigezo kimoja.

Kanuni ya kubadilisha jambo moja tu na kuacha mengine sawa inaweza kufundishwa kwa kisa cha James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, Salisbury. Mwaka 1747 aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawiliwawili, wote wakila chakula kilekile, kila jozi ikiongezewa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wengine.

Kwa viumbe hai hutumika sana michoro ya duara mbili zinazoingiliana, iliyoenezwa na John Venn kuanzia 1880. Inafaa kwa kukusanya mawazo, lakini huruhusu mwanafunzi aandike "popo hunyonyesha" upande mmoja na "kasuku ana mdomo mgumu" upande wa pili, mambo yasiyokutana. Jedwali la safu tatu, kigezo kikiwa katikati, humlazimu ajibu swali lilelile pande zote: uzazi, popo huzaa, kasuku hutaga, ulishaji wa watoto, popo hunyonyesha, kasuku hucheua chakula akawalisha makinda. Katika mtihani pia, swali la "taja tofauti mbili" hupima vizuri zaidi likidai kigezo cha kila tofauti kiandikwe.