Nani Alipie Mboji?

Februari 1933, meneja wa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, alikuwa amepokea agizo kutoka kwa mwenye shamba, Ewart Grogan: takataka zote za shambani zigeuzwe mboji kwa njia ya Indore. Sadfa ikawa kwamba aliyeibuni njia hiyo, Mwingereza Albert Howard, alikuwa Nairobi, akijiandaa kwa safari ya Bonde la Ufa. Meneja, Meja Belcher, akamfuata huko huko. Howard mwenyewe ameyasimulia haya katika kitabu chake cha 1940, An Agricultural Testament. Nimeanzia hapa kwa sababu Grogan alikuwa tajiri. Aliweza kujaribu kwa gharama yake. Wakulima wadogo waliomzunguka hawakuwa na nafasi hiyo, na swali la nani awalipie majaribio limetembea na kilimo hai, kile cha mboji badala ya mbolea ya kiwandani, tangu siku zile.

Turudi nyuma hadi Indore, India ya kati. Howard alianzisha kituo chake cha utafiti huko mwaka 1924. Fedha zilitoka kwa Kamati Kuu ya Pamba ya India, iliyoendeshwa kwa tozo la pamba, pamoja na michango ya watawala wa majimbo ya eneo hilo. Kazi aliyopewa ilikuwa pamba. Yeye akaianzia kwenye udongo: mabua, samadi, majivu na udongo vikapangwa kwa matabaka, vikanyunyiziwa maji na kupinduliwa, na baada ya miezi mitatu hivi mboji ikawa tayari. Kwa hiyo njia hii, ambayo baadaye ilitazamwa kama mali ya wakaidi wachache, ilizaliwa kwa fedha za umma.

Howard alipoondoka India mwaka 1931, fedha za aina hiyo hazikumfuata. Kule Pennsylvania, J. I. Rodale alisoma maandishi yake na mwaka 1942 akaanzisha jarida la kilimo hai. Kwa miongo kadhaa elimu hii iliishi kwa ada za wasomaji na moyo wa wakulima wenyewe. Sababu haijifichi. Mbolea ya kiwandani ina muuzaji, naye yuko tayari kugharamia shamba la mfano ili auze mifuko zaidi. Mboji anaitengeneza mkulima kwa mabua yake mwenyewe. Hakuna wa kuitangaza.

Ndiyo maana ripoti ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ya Julai 1980 ina uzito mkubwa machoni pangu. Chini ya Waziri Bob Bergland, wataalamu waliyachunguza mashamba 69 ya kilimo hai katika majimbo 23, wakakuta wakulima makini wanaozalisha kwa ufanisi, wakapendekeza serikali ifadhili utafiti na ugani. Garth Youngberg akateuliwa kuratibu kazi hiyo. Serikali ya Ronald Reagan ilipoingia, mambo yakageuka, na mwaka 1982 nafasi yake ikafutwa. Ni hasara iliyoumiza, kwa kuwa maswali yalikuwa yameshaulizwa na wa kuyajibu walikuwepo.

Mwaka 1997 Mark Lipson, mkulima wa California aliyefanya kazi na wakfu wa utafiti wa kilimo hai, alipekua orodha ya miradi ya utafiti ya wizara hiyo. Kati ya miradi takriban 30,000, iliyohusu kilimo hai barabara ilikuwa 34. Hesabu hiyo ilifanya kazi ambayo hotuba zilishindwa kuifanya. Sheria ya kilimo ya 2002 ikatenga dola milioni 3 kwa mwaka kwa utafiti wa kilimo hai, na ile ya 2008 ikazifikisha milioni 20. Vyuo vikuu na mashirika hushindania ruzuku hizo, na lengo ni matokeo yamfikie mkulima, yasibaki kwenye majarida ya wasomi.

Mradi mmojawapo uliopata ruzuku hizo ni wa karoti, ulioanza 2011. Karoti huota taratibu na magugu huimeza, na mkulima wa kilimo hai hapulizii dawa ya kuua magugu. Watafiti na wakulima wakaanza kuchagua mimea yenye majani yanayokua haraka na kuyafunika magugu. Lakini karoti huzaa mbegu mwaka wa pili, hivyo kila kizazi kinadai misimu miwili. Halafu ikaja 2013: sheria ya 2008 ilirefushwa bila fungu la kilimo hai, na hapakuwa na ruzuku mpya mwaka huo. Mzalishaji wa mbegu hawezi kuuambia mmea usubiri kikao cha Bunge.

Fungu lilirudi 2014. Sheria ya 2018 ikalipandisha hatua kwa hatua hadi dola milioni 50 mwaka 2023, kiwango kilicholipatia nafasi ya kudumu katika hesabu za bajeti. Ulinzi huo ndio ambao Youngberg hakuwa nao mwaka 1982.