Kamari Iliyosamehewa: Historia ya Sheria za Bingo ya Hisani Nchini Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, bingo ni kamari iliyosamehewa. Sheria ya jinai inakataza mchezo wowote wenye mambo matatu kwa pamoja, yaani mchezaji kutoa pesa, bahati kuamua mshindi, na mshindi kupewa zawadi. Kisha kifungu kingine kinaondoa katazo hilo kwa kanisa, sinagogi, chama cha wanajeshi wastaafu, kikosi cha zimamoto cha kujitolea au shirika jingine lisilogawana faida. Msamaha huo una masharti. Shirika liwe limekuwapo kwa muda fulani kabla ya kuomba leseni, wachezeshaji wawe wanachama wasiolipwa, zawadi isizidi kiwango, siku za kucheza kwa wiki ziwe na kikomo, na mapato yawekwe katika akaunti yake peke yake. Masharti hayo hayakutungwa kwa mkupuo mmoja. Mengi yalizaliwa baada ya mtu kuona mwanya na kuutumia.

Uadui wa sheria dhidi ya bahati nasibu haukuwapo tangu mwanzo. Enzi za ukoloni wa Uingereza, na kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, tiketi za bahati nasibu zilijenga madaraja, makanisa na vyuo. Harvard na Yale ni miongoni mwa vyuo vilivyochangiwa hivyo. Mambo yaligeuka katika karne ya 19, mawakala walipotoroka na pesa na droo zikafanyiwa hila. Iliyoharibu mambo kabisa ni Kampuni ya Bahati Nasibu ya Louisiana, iliyopewa hati mwaka 1868: iliuza tiketi nchi nzima kwa njia ya posta na kuwahonga wanasiasa ili hati yake isiguswe. Bunge la taifa liliifungia posta mwaka 1890, na mwaka 1895 likakataza tiketi kuvushwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Kufikia hapo majimbo mengi yalikuwa yameandika katazo ndani ya katiba zao. Katiba ya New York ya mwaka 1894 ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku karibu kamari ya kila aina. Uzito wa hatua hiyo ulionekana miaka sitini baadaye, kwa kuwa lililoandikwa katika katiba haliondolewi na wabunge peke yao. Ni lazima wananchi wapige kura.

Bingo iliingia katika mazingira hayo kama mgeni asiyetiliwa shaka. Asili yake ni lotto ya Italia, ila toleo la Marekani lilichezwa kwenye maonyesho ya burudani yaliyohama mji hadi mji, kwa kadi na maharage makavu ya kufunikia nambari, na liliitwa beano. Edwin Lowe, mfanyabiashara wa vitu vya kuchezea wa New York, aliuona mchezo huo Georgia mwishoni mwa mwaka 1929, akaanza kuuza seti zake kwa jina la bingo. Inasimuliwa kwamba padri wa Kikatoliki wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, alizitumia kuokoa parokia yenye madeni, akakuta kila mchezo unatoa washindi wengi mno kwa sababu kadi zilikuwa chache. Lowe akamtafuta Carl Leffler, mtaalamu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, abuni kadi 6,000 zisizofanana. Simulizi za wafanyabiashara hutiwa chumvi, lakini hoja ya kadi ni ya kweli: pasipo maelfu ya kadi tofauti, ukumbi wa watu mia tano hauwezi kumpata mshindi mmoja, na bingo ingebaki kuwa mchezo wa sebuleni.

Wakati wenyewe ulikuwa wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Sadaka zilipungua huku mahitaji ya maskini yakiongezeka, na parokia za Kikatoliki katika miji ya viwanda zikaona kwamba muumini asiyeweza kutoa dola kwenye kapu la sadaka yuko radhi kulipa senti kadhaa kwa kadi. Mafundisho ya Kanisa Katoliki hayakuihesabu kamari kuwa dhambi kwa yenyewe, mradi mchezo uwe wa haki na mchezaji asiharibu riziki ya nyumbani. Wamethodisti na Waprotestanti wengine wengi waliona vingine. Ndiyo maana ubishi juu ya bingo, tangu mwanzo, ulikuwa pia ubishi wa madhehebu na wa wahamiaji dhidi ya wenyeji wa zamani, hata pale wanasiasa walipoupamba kwa lugha ya sheria na utulivu.

Massachusetts ilitangulia kuruhusu beano kwa ajili ya hisani, mwaka 1931. Uhuru huo haukudumu: mwaka 1943 jimbo liliufuta, na bingo haikurudi kihalali hadi miaka ya 1970. Kwingineko hakukuwa na ruhusa wala utekelezaji wa katazo. Polisi walijua kinachoendelea katika kumbi za kanisa na wakatazama pembeni, maana hakuna mkuu wa polisi aliyetaka picha yake gazetini akimtia pingu padri au bibi kizee mwenye kadi mbili. Upole huo ulikuwa na gharama. Mchezo usiotambuliwa na sheria hauna mkaguzi, na wacheza kamari wa kazi walijifunza upesi kukodi jina la shirika la hisani, kuendesha mchezo wenyewe na kuliachia shirika makombo.

Njia ya kutoka ilionyeshwa na New Jersey. Bingo ilikuwa suala zito katika uchaguzi wa gavana wa mwaka 1953, na siku ileile wapiga kura walipomchagua Robert Meyner waliidhinisha pia marekebisho ya katiba yaliyoruhusu bingo na bahati nasibu ndogo za hisani. Mwaka uliofuata ikaundwa tume ya jimbo ya kusimamia michezo hiyo. New York ilifuata mwaka 1957, na maneno iliyoyaweka katika katiba yake yanafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa mambo yaleyale yamejitokeza tena katika sheria za majimbo mengi. Mchezo uchezwe tu katika mji ambao wakazi wake wameukubali kwa kura. Waendeshaji wawe mashirika ya kweli ya kidini, ya hisani, ya wanajeshi wastaafu, ya wazimamoto wa kujitolea na mengine yasiyo ya faida. Mapato yote halisi yatumike kwa malengo halali ya shirika. Asiyekuwa mwanachama asishiriki kuuendesha, wala yeyote asipokee ujira kwa kazi hiyo. Zawadi moja isizidi dola 250, na zawadi zote za kikao kimoja zisizidi dola 1,000.

Ni nadra kwa katiba kutaja bei ya zawadi ya mchezo. Hapa ilikuwa na sababu: zawadi kubwa huvuta wachezaji kutoka mbali, wachezaji wengi huhitaji ukumbi mkubwa, ukumbi mkubwa huhitaji mtaji, na mwenye mtaji hatafuti hisani. Kuweka kikomo kwenye zawadi ilikuwa njia ya kuuacha mchezo mikononi mwa watu wa parokia.

Hata hivyo pesa zina njia zake. Mfanyabiashara aliyezuiwa kuchezesha bingo aliweza kulikodisha ukumbi shirika lililochezesha, kuliuzia kadi na mipira, au kuliazima mashine, na kodi ya ukumbi ikapanda kulingana na mauzo ya usiku ule. Ndipo sheria zikaanza kumfuata mwenye ukumbi na muuza vifaa, nao wakatakiwa kuwa na leseni. Majimbo kadhaa yalikataza kodi ya ukumbi kupimwa kwa asilimia ya mapato. California, iliyoruhusu bingo kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1976, ilifanya kulipwa mshahara kwa kazi ya bingo kuwa kosa la jinai, ikazuia walio chini ya miaka 18, na ikataka kila mchezaji awepo ukumbini kwa mwili wake.

Pale usimamizi ulipokuwa dhaifu, matokeo yalikuwa mabaya kuliko kamari iliyofichwa. Tennessee ndiyo mfano mchungu zaidi. Sheria ya mwaka 1971 iliruhusu bingo kwa mashirika ya hisani, na usajili uliwekwa chini ya ofisi ya katibu wa jimbo. Watu walianzisha hisani za makaratasi, na ili zisifungwe wakawahonga maofisa na wabunge. Makachero wa FBI walianza uchunguzi mwaka 1986 chini ya jina la Rocky Top, wakisaidiwa na mbunge Randy McNally, aliyejifanya yuko tayari kununuliwa. Uchunguzi huo uliwapeleka wengi gerezani, akiwemo Tommy Burnett, kiongozi wa wabunge wa chama chenye wabunge wengi. Katibu wa jimbo, Gentry Crowell, alijiua Desemba 1989. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba bingo ni bahati nasibu, kwa hiyo sheria iliyoiruhusu ilivunja katiba tangu siku ya kwanza.

Upande wa kodi ulikuwa na mvutano wake. Shirika la hisani halilipi kodi ya mapato, lakini biashara isiyohusiana na lengo lake hutozwa. Je, bingo ni biashara ya namna hiyo? Mwaka 1978 mahakama ya rufani iliamua kuwa ndiyo, katika shauri la tawi la chama cha wanajeshi wastaafu. Bunge la taifa halikungoja: mwaka huohuo lilipitisha sheria ya kusamehe mapato ya bingo, mradi mchezo uwe halali katika jimbo na usiwe wa aina ambayo kampuni za kibiashara huiendesha kwa kawaida mahali hapo. Asiyeangukia katika msamaha huo hubaki na kinga nyingine, kwamba kazi karibu yote imefanywa na wasiolipwa. Kinga hiyo ni nyembamba. Hata bakshishi kutoka kwa wachezaji imehesabiwa mahakamani kuwa ujira.

Pigo kubwa kwa bingo ya hisani lilitoka mahali ambapo watunga sheria hawakupatazama. Desemba 1979 kabila la Seminole lilifungua ukumbi wa bingo kwenye ardhi yake Hollywood, Florida. Sheria ya Florida iliyaruhusu mashirika ya hisani kucheza siku mbili tu kwa wiki, na zawadi kuu isizidi dola 100. Waseminole walicheza siku sita na kutoa zawadi za maelfu. Robert Butterworth, mkuu wa polisi wa kaunti ya Broward, alitishia kuwakamata. Mahakama ya rufani iliwapa Waseminole ushindi mwaka 1981 kwa hoja hii: jimbo lililopiga marufuku bingo kabisa lingeweza kutumia sheria yake ya jinai kwenye ardhi ya kabila, lakini Florida iliiruhusu na kuiwekea kanuni, na kanuni za jimbo hazina nguvu huko.

Mahakama ya Juu ya taifa ilithibitisha hoja hiyo mwaka 1987 katika shauri la California dhidi ya Wacabazon, kabila dogo lililokuwa na watu wapatao 25 tu waliosajiliwa. Huruma kwa parokia ndiyo iliyofungua mlango wa kasino za makabila. Sheria ya taifa ya mwaka 1988 iliweka mpango juu ya hukumu hiyo: kabila linaweza kuchezesha bingo katika jimbo lolote linaloiruhusu kwa mtu yeyote na kwa lengo lolote. Utah na Hawaii, ambako hata bingo ya kanisa ni marufuku, zilibaki nje.

Mashirika ya hisani yalijikuta yakishindana na kumbi zisizo na kikomo cha zawadi. Baadhi ya majimbo yalilegeza kamba. California ilipandisha zawadi kutoka dola 250 hadi 500. Mashirika ya huko yalijaribu pia mashine za bingo za kielektroniki, lakini makabila yalilalamika kwamba mashine hizo zinafanana mno na zile za kasino, ambazo wapiga kura waliyaachia makabila peke yake mwaka 2000. Sheria ya mwaka 2008 ilizizima mashine za mashirika. Kama fidia iliruhusu kumbi kadhaa kuunganishwa zicheze mchezo mmoja, nambari zikitangazwa kutoka mbali, na ikaanzisha mfuko wa kuyasaidia mashirika yaliyopata hasara. Pesa za kuanzia zilikopwa kutoka mfuko wa jimbo unaochangiwa na kasino za makabila.